Roketi za India na Elimu ya Kushindwa

Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 1979, India ilirusha kwa mara ya kwanza roketi iliyoiunda yenyewe kwa lengo la kupeleka setilaiti katika mzingo wa dunia. Roketi hiyo, iliyoitwa SLV-3, ilikuwa na urefu wa mita 22 na uzito wa tani 17. Baada ya dakika tano na ushei ilikuwa imekwisha tumbukia katika Ghuba ya Bengal. Mkurugenzi wa mradi huo alikuwa mhandisi A. P. J. Abdul Kalam, na kwa desturi za ofisi nyingi za umma tunazozijua, yeye ndiye angetolewa mbele ya waandishi wa habari ili abebe lawama. Haikuwa hivyo. Aliyewakabili waandishi ni mwenyekiti wa shirika, Profesa Satish Dhawan, ambaye alilibeba jukumu la kushindwa huko na kueleza imani yake kwa wahandisi wake. Tarehe 18 Julai 1980 SLV-3 iliruka tena, na safari hii ikaiweka setilaiti ya Rohini yenye uzito wa kilo 35 mahali pake. Siku hiyo Dhawan alimwambia Kalam aende yeye kuzungumza na waandishi. Kalam, ambaye baadaye alikuwa Rais wa India kuanzia 2002 hadi 2007, aliisimulia habari hii mara nyingi hadi mwisho wa maisha yake.

Nimeianza makala kwa tukio hili kwa sababu, kwa maoni yangu, ndilo ufunguo wa kuielewa historia nzima ya roketi za India. Wanafunzi wangu wanapoizungumzia nchi hiyo hutaja kutua kwake mwezini mwaka 2023, kisha huuliza fedha zilitoka wapi. Swali la fedha ni la haki, lakini si swali la kwanza. La kwanza ni hili: taasisi ya umma, katika nchi iliyokuwa na njaa na umaskini wa kutisha, iliwezaje kushindwa mara kwa mara bila kuvunjwa, bila kudanganya, na bila kuacha kujifunza? Na la pili, ambalo ndilo linaloukabili mustakabali wake: je, itaweza kuendelea hivyo sasa ambapo roketi zimekuwa fahari ya taifa na mtaji wa wanasiasa?

Turejee mwanzo. Mwaka 1962 serikali ya Jawaharlal Nehru iliunda kamati ya utafiti wa anga za juu chini ya mwanafizikia Vikram Sarabhai. Sarabhai alihitaji mahali karibu na ikweta ya sumaku, yaani mstari ambao juu yake mikondo ya umeme ya tabaka za juu za anga ina tabia za pekee zinazofaa kuchunguzwa. Mahali hapo palikuwa Thumba, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Kerala. Palikuwa na kanisa la Maria Magdalena na nyumba za waumini. Askofu Peter Bernard Pereira alikubali, baada ya kuzungumza na waumini wake, kulitoa eneo hilo kwa ajili ya sayansi. Kanisa likawa ofisi na karakana, na leo ni makumbusho. Ipo picha mashuhuri inayoonyesha sehemu ya roketi ikisafirishwa kwa baiskeli.

Roketi ya kwanza kurushwa Thumba, tarehe 21 Novemba 1963, haikuwa ya India. Ilikuwa Nike-Apache ya Marekani, roketi ndogo inayopanda juu, kuchukua vipimo na kuanguka bila kuizunguka dunia. Sarabhai hakuona aibu kuanza na roketi ya wengine, mradi vijana wake wawe pale inapofungwa, inapofunguliwa na inapoharibika. Shirika la Utafiti wa Anga za Juu la India, linalojulikana kwa kifupi chake ISRO, lilianzishwa rasmi tarehe 15 Agosti 1969. Sarabhai alifariki Desemba 1971 akiwa na umri wa miaka 52, kabla ya kuona roketi yoyote ya nchi yake ikifika kwenye mzingo. Dhawan akamrithi mwaka 1972.

Hapa sina budi kutaja pwani yetu wenyewe, kwa kuwa miaka hiyohiyo nasi tulikuwa na Thumba yetu. Wiki tatu tu baada ya roketi ile ya kwanza ya Kerala, Kenya ilipata uhuru. Katika miaka iliyofuata Waitalia, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walijenga jukwaa la San Marco baharini, kaskazini ya Malindi. Palichaguliwa kwa sababu ya ikweta pia, ingawa hii ni ile ya kijiografia: roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta husaidiwa zaidi na mzunguko wa dunia. Mwaka 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo kwa roketi ya Scout ya Marekani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Urushaji wa mwisho ulifanyika Machi 1988.

Kwa hiyo, pwani ya Waswahili ilirusha setilaiti kwenye mzingo miaka 13 kabla ya pwani ya India kufanya hivyo. Tofauti ni kwamba Thumba iligeuzwa kuwa shule, na Malindi ikabaki kuwa kiwanja cha kukodisha. Sisemi hivi kuwadharau Wakenya waliofanya kazi pale, wala kudai kwamba Kenya ya 1967 ingeweza kubeba gharama ilizobeba India, nchi yenye watu wengi mno na vyuo vya uhandisi vilivyokwisha kukomaa. Nasema tu kwamba jiografia ilitupa fursa moja, na kwamba jiografia peke yake haifundishi mtu kitu.

India ilijifunza nini, na kwa njia gani? Tuzifuate roketi zenyewe.

Baada ya SLV-3 ilikuja ASLV, iliyoongezewa roketi mbili za pembeni ili ibebe uzito mkubwa zaidi. Machi 1987 ilianguka kwa sababu injini ya hatua iliyofuata haikuwaka. Julai 1988 ikaanguka tena, ikiwa imepoteza mwelekeo. Mei 1992 ilifika, lakini katika mzingo wa chini kuliko uliokusudiwa. Mei 1994 ilifanikiwa kwa ukamilifu, na baada ya hapo ikastaafishwa. Mtu anayehesabu mafanikio kwa idadi ataiita ASLV hasara tupu. Hata hivyo, humo ndimo wahandisi walimojifunza kufunga roketi za pembeni na kuiongoza roketi kwa kompyuta inayojisahihisha ikiwa safarini. Bila masomo hayo roketi iliyofuata isingekuwapo.

Roketi hiyo ni PSLV, yenye urefu wa mita 44 na uzito wa takriban tani 320, na yenye hatua nne: ya kwanza na ya tatu hutumia fueli yabisi, ya pili na ya nne hutumia fueli ya majimaji. Injini ya hatua yake ya pili, Vikas, ina asili ya Ufaransa. Chini ya makubaliano ya mwaka 1974, wahandisi wa India walikwenda kufanya kazi katika mradi wa injini ya Viking ya Wafaransa, na ujuzi wa injini hiyo ukawa ndio malipo ya jasho lao. PSLV ya kwanza iliporuka Septemba 1993, hitilafu ya programu ya kompyuta iliiangusha wakati hatua ya pili ilipokuwa ikiachana na ya tatu. Oktoba 1994 ikafanikiwa. Tangu hapo imekuwa punda wa kazi wa shirika. Ndiyo iliyobeba Chandrayaan-1 kwenda mwezini mwaka 2008. Ndiyo iliyobeba Mangalyaan mwaka 2013 kwenda Mirihi, kwa gharama ya rupia bilioni 4.5, yapata dola milioni 74. Februari 2017 iliachia setilaiti 104 katika safari moja, 101 kati yake zikiwa za wateja wa nje.

Somo gumu kuliko yote lilikuwa la injini ya baridi kali, inayoitwa kitaalamu injini ya krayojeniki. Injini hii huchoma hidrojeni na oksijeni zilizogeuzwa kuwa vimiminika. Ya kwanza kwa nyuzi 253 chini ya sifuri, ya pili kwa nyuzi 183 chini ya sifuri. Ina nguvu kubwa kwa kila kilo ya fueli, na bila injini ya namna hiyo ni vigumu mno kupeleka setilaiti nzito za mawasiliano mbali kwenye umbali wa kilomita 36,000. Mwaka 1991 India ilikubaliana na shirika la Kisovieti la Glavkosmos kununua injini pamoja na ujuzi wake. Mei 1992 Marekani iliyawekea vikwazo mashirika yote mawili, ikidai kwamba mkataba huo unavunja kanuni za kuzuia kuenea kwa makombora. Wahandisi wa India walijibu kwamba injini inayohitaji saa nyingi kujazwa fueli haifai kwa kombora la vita. Hoja yao ilikuwa na mantiki, lakini Urusi mpya ilikuwa dhaifu. Mwaka 1993 ililegeza msimamo: ingeuza injini saba, bila ujuzi.

Uadilifu unanitaka niongeze jambo. Hofu ya mataifa makubwa haikuwa ya uongo mtupu. Kalam mwenyewe alihamia taasisi ya utafiti wa ulinzi mwaka 1982, na kombora la Agni lililojaribiwa Mei 1989 lilitumia hatua ya kwanza iliyotokana na SLV-3. Roketi na kombora ni ndugu wa tumbo moja, na hakuna taifa lililowahi kuwatenganisha kabisa. Lakini waliowawekea wengine vikwazo walikuwa wenyewe na roketi na makombora kwa pamoja, na huo ndio unafiki ambao nchi za Kusini haziwezi kuusahau.

Mwaka 1994 likazuka balaa la ndani. Nambi Narayanan, mhandisi aliyekuwa na dhamana katika mradi wa injini hiyo, alikamatwa kwa tuhuma za kuuza siri kwa majasusi. Alifungiwa siku 50. Mwaka 1996 wachunguzi wa serikali kuu walisema tuhuma hizo hazina msingi, na Septemba 2018 Mahakama ya Juu iliamuru alipwe fidia ya rupia milioni tano. Ilichukua takriban robo karne kwa dola kukiri rasmi kwamba ilimtesa mtumishi wake bila sababu. Hivyo nisieleweke kwamba India ni nchi ya malaika. Moyo aliouonyesha Dhawan ulikuwa ndani ya taasisi moja. Nje ya kuta zake, polisi na magazeti walifuata desturi nyingine.

Kazi ya kuunda injini hiyo iliendelea kwa takriban miaka 20. Roketi ya GSLV iliruka kwanza Aprili 2001 ikitumia injini ya Kirusi. Ile ya kwanza yenye injini ya Kihindi iliruka tarehe 15 Aprili 2010 na kuanguka. Uchunguzi ulionyesha kwamba pampu ya fueli ilisimama muda mfupi baada ya injini kuwaka. Agosti 2013 urushaji uliahirishwa ikiwa imebaki saa moja na ushei, kwa kuwa fueli ilikuwa ikivuja. Hatimaye, tarehe 5 Januari 2014, injini ilifanya kazi. Msingi huohuo wa ujuzi ndio uliozaa roketi kubwa ya LVM3, yenye uzito wa tani 640, iliyobeba Chandrayaan-2 mwaka 2019 na Chandrayaan-3 mwaka 2023.

Safari hizo mbili za mwezini ndizo mfano bora wa ninachokisema. Septemba 2019 chombo cha Vikram kilianguka kilipokuwa kikijaribu kutua. Mwenyekiti wa baadaye, S. Somanath, alieleza kuwa kwa Chandrayaan-3 hawakuanza kwa kuuliza nini kifanywe ili tufanikiwe. Walianza kwa kuuliza nini kinaweza kuharibika, kisha wakakiunda chombo kiweze kuhimili kila kasoro waliyoifikiria. Tarehe 23 Agosti 2023 kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutua. Wahenga wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wahunzi wa India waliongeza jambo moja: koleo lililovunjika lichunguzwe, na matokeo ya uchunguzi yaandikwe.

Na faida kwa mwananchi? Mwaka 1999 kimbunga kilipiga jimbo la Odisha na kuua watu wanaokadiriwa kufikia 10,000. Oktoba 2013 kimbunga Phailin, kikali pia, kilipiga pwani hiyohiyo. Safari hii watu wapatao milioni moja walikuwa wamehamishwa mapema, na waliokufa walihesabika kwa makumi. Setilaiti pekee hazikuwaokoa. Waliwaokoa watumishi wa wilaya waliokuwa na mpango, mabanda ya kujihifadhi na mamlaka ya kuamua. Lakini watumishi hao walipata siku kadhaa za kujiandaa kwa sababu kulikuwa na jicho angani.

Sasa tutazame mbele, kwa kuwa changamoto zilizobaki si ndogo.

Ya kwanza ni nguvu na gharama. LVM3 hubeba takriban tani nne kuelekea kwenye mzingo wa setilaiti za mawasiliano. Ndiyo maana GSAT-11, yenye uzito wa tani zaidi ya tano na nusu, ilirushwa kwa roketi ya Ulaya mwaka 2018, na GSAT-N2 ikarushwa na Falcon 9 ya Marekani Novemba 2024. Aidha, roketi zote za India zinazopeleka setilaiti hutupwa baada ya safari moja, ilhali Falcon 9 imekuwa ikirudi na kutua tangu Desemba 2015. Mwaka 2024 India ilirusha roketi tano. China ilirusha zaidi ya 60, na kampuni moja tu ya Marekani zaidi ya 130. Sifa ya kuwa mrushaji wa bei nafuu, iliyoijengea PSLV jina, haiwezi kudumu katika soko la namna hiyo. Septemba 2024 serikali iliidhinisha roketi mpya ya kubeba tani 30 hadi mzingo wa karibu, ambayo hatua yake ya kwanza itatumika tena. Itachukua miaka, na washindani hawatasubiri.

Ya pili ni mahali pa kurushia. Kutoka kisiwa cha Sriharikota, roketi inayoelekea kusini hulazimika kupinda ili isipite juu ya Sri Lanka, na kupinda huko hula fueli ambayo ingebeba mzigo. Ndiyo sababu ya kujengwa kituo kipya cha roketi ndogo huko Kulasekarapattinam, katika ncha ya kusini ya nchi.

Ya tatu ni watu. Mpango wa Gaganyaan, wa kuwapeleka Wahindi angani kwa roketi yao, ulitangazwa Agosti 2018 na kuahidiwa kukamilika 2022. Mwaka huo ulipita. Juni 2025 rubani Shubhanshu Shukla alikwenda kwenye kituo cha kimataifa cha anga, lakini kwa roketi ya Marekani. Wahandisi walikuwa na haki ya kuchelewa, kwa kuwa setilaiti ikianguka hujengwa nyingine, na mtu hana wa pili. Asiyekuwa na haki ni mwanasiasa aliyeifunga tarehe ya uhandisi kwenye hotuba ya sikukuu ya taifa.

Hapo ndipo ilipo changamoto ya nne, ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote. Kwa miongo mingi ISRO ilipoanguka ilieleza. GSLV ilipoanguka Agosti 2021, umma uliambiwa kuwa vali ilivuja na shinikizo la hidrojeni likashuka. Roketi ndogo ya SSLV iliposhindwa Agosti 2022, umma uliambiwa kuwa mtikisiko wa kuachana kwa hatua uliwachanganya mabingwa wa vipimo, yaani vihisi vya mwendo. Miezi sita baadaye roketi hiyo ikafanikiwa. Lakini PSLV iliposhindwa tarehe 18 Mei 2025, kwa tatizo la hatua ya tatu, wachambuzi wa India wenyewe walilalamika kwamba ripoti ya uchunguzi haikuwekwa wazi kama ilivyokuwa desturi. Kwa mtazamaji wa mbali hilo laweza kuonekana dogo. Kwangu ni dalili ya hatari kuliko roketi yenyewe kuanguka. Roketi zinapokuwa pambo la kampeni, kushindwa hugeuka kuwa aibu ya mkubwa, na aibu ya mkubwa huhifadhiwa kwenye jalada lililofungwa. Kampuni binafsi, ambazo zimefunguliwa mlango tangu 2020, nazo zina sababu zao za kibiashara za kuficha.

Kenya ina wakala wake wa anga tangu 2017, na Aprili 2023 setilaiti yake ya Taifa-1 ilirushwa kutoka Marekani. Nchi nyingine za ukanda wetu zinafuata. Tutashauriwa tununue vyombo, na huenda tukavinunua. Ningependa watumishi wa umma wanaosoma makala haya wajiulize jambo lililo jepesi kulitamka na zito kulitenda: chombo chetu cha kwanza kitakaposhindwa, ni nani atakayesimama mbele ya waandishi wa habari, na ripoti ya uchunguzi itasomwa na nani? Taifa ambalo halijalijibu swali hilo kuhusu daraja lililobomoka, dawa zilizoharibika ghalani au mtihani uliovuja, halitalijibu kuhusu roketi. Na wanaharakati wasisubiri roketi ndipo waulize. Ripoti za kudai zipo tayari, hapa ardhini.